Ukiona kangaruu kwenye bunduki, usikimbilie risasi

KWENYE kurasa hizi tumezoea kubishana kama penalti ilikuwa halali au la. Kwa walenga shabaha wa Australia wanaoshindana na bunduki za kale, ubishi ni mwingine kabisa: hii bunduki inakula risasi gani?

Linaonekana swali jepesi, lakini limewasumbua watu wazima na mikasi yao ya kupimia. Tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1911 Australia ilianza kuwalazimisha wavulana, kuanzia miaka 12, kupata mafunzo ya kijeshi. Bunduki ya askari ilikuwa nzito kwa mtoto wa umri huo, ikatafutwa ndogo ya mtindo wa Martini: unashusha mkono wa chini, unaweka risasi moja, unafunga, unafyatua. Watengenezaji walikuwa BSA na W.W. Greener, wote wa Birmingham, Uingereza. Risasi yake iliitwa .310 Cadet. Ubavuni ikagongwa alama ya kangaruu na maneno ya Jumuiya ya Australia.

Mafunzo ya lazima yakasitishwa mwaka 1929 na baadaye bunduki hizo zikaingia mikononi mwa raia. Hapo ndipo vurugu zilipoanza. Mwindaji alitaka risasi yenye kasi, mkulima alitaka ya bei nafuu, na mafundi wakapata kazi. Kampuni ya Sportco ya Adelaide ilizibadili nyingi. Leo utakuta kangaruu yule yule, lakini ndani kuna .22 ndogo, .22 Hornet, .218 Bee, .222 au .32-20. Zilizofika Marekani, nyingine ziligeuzwa kuwa .357 Magnum.

Ni kama jezi ya mtumba. Jina la mgongoni halikwambii aliyeivaa leo anacheza namba ngapi.

Kinachochanganya zaidi ni .32-20. Ganda lake linafanana sana na la .310 kwenye kitako, kiasi kwamba wenye bunduki halisi hukata maganda ya .32-20 kuyafupisha ili wapate ya .310. Ila ukiyaweka meza moja, tofauti inaonekana. La .310 ni fupi na limenyooka, la.32-20 ni refu na lina bega dogo karibu na mdomo. Halafu risasi ya .310 ina kisigino: sehemu ya nyuma ni nyembamba na huingia ndani ya ganda, huku sehemu ya mbele ikilingana na unene wa ganda lenyewe, kama ilivyo kwenye .22 ndogo.

Sasa kuna mafundi ambao hawakubadili mtutu. Walichimba chemba tu ili .32-20 iingie, mtutu wakauacha ule ule wa .310 ambao ni mpana zaidi. Bunduki inapokea risasi vizuri, inalia vizuri, lakini risasi inapwaya njiani. Inaweza kufika kwenye karatasi ikiwa imelala ubavu, na tundu likawa refu kama la funguo. Mchezaji analaumu macho yake, kumbe tatizo ni kipenyo.

Hilo la kukosa alama ni dogo. Ganda jembamba likifyatuliwa kwenye chemba pana hupasuka, na gesi ya moto hurudi nyuma, uso wa mlengaji ukiwa hapo hapo. Kwa hiyo "imeingia" haina maana kwamba "ndiyo yake".

Dalili zipo. Mtutu uliobadilishwa mara nyingi una mhuri mpya wa saizi, au unene wake haulingani na mbao za mbele. Pini inayogonga fataki nayo inasema: ya .310 hugonga katikati ya ganda, ya .22 ndogo hugonga ukingoni, hivyo fundi alilazimika kuihamisha. Lakini usimhukumu kila Martini mdogo wa .22 kuwa amebadilishwa. BSA wenyewe walitengeneza za mashindano, kama Modeli 12, zikiwa .22 tangu kiwandani. Hizo hazina kangaruu.

Mihuri ikigongana au ikikosekana, fundi bunduki humimina metali inayoyeyuka kwa joto dogo ndani ya chemba, huiacha igande, huitoa na kuipima. Mtutu nao husukumiwa kipande cha risasi laini ili kipenyo kisomeke. Kabla ya hapo, bunduki inabaki kabatini.