Vimulimuli vya Kuunda na Vimulimuli wa Kweli



Mdogo wangu wa tumbo moja ameolewa bara, na makazi yake ni Sugoi, magharibi ya Eldoret, upande wa Turbo, kwenye mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nilipomzuru likizo ya shule iliyopita nilifika giza limeshaingia. Nyanda zile zimeinuka kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake humfanya mtu wa Mombasa aitafute shali mapema. Nilipoingia uani nilisimama kwa mshangao. Mparachichi ulio kando ya jiko ulikuwa umejaa vimulimuli, cheche ndogo za rangi ya asali zikiwaka na kufifia baina ya majani. Nilipokaribia ndipo nilipouona waya.

"Dada, ni taa tu," alinambia akicheka. "Niliwapambia watoto Idi, kisha nikaona uvivu kuzitoa."

Mapambo haya yameenea kotekote, bara na pwani. Tunayaona kwenye harusi, usiku wa hina, na vibarazani mwetu mwezi wa Ramadhani. Si ghali, na mwenye mikono mepesi huweza kujitengenezea mwenyewe. Lakini yana masharti yake, na nyumba yenye watoto haina budi kuyajua.

Tuanze na kununua. Taa hizi ni za aina tatu: za umeme wa nyumbani, za sola na za betri. Za umeme hung'aa sana, ila zisitundikwe nje pasi na kuhakikisha kwamba zimeundwa kustahimili mvua. Tazama alama kwenye boksi: IP44 ni ya kustahimili matone na manyunyu, IP65 huzuia vumbi na hata maji ya mpira. Isiyo na alama yoyote ibaki ndani. Wala usizipachike nyuzi tano kwenye soketi moja.

Za sola hazina gharama ya umeme, na aghalabu hujiwasha zenyewe giza likiingia. Kibao chake kitazame jua la wazi, si kivuli cha mti. Kule Sugoi, miezi ya mvua na mawingu, taa za mdogo wangu huzimika mapema kwa kukosa chaji. Huku kwetu jua tunalo, ila hewa ya chumvi hutia kutu kwenye viungo vya waya. Basi pangusa kibao kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki, na maungio uyatazame mara kwa mara.

Kuunda kimulimuli chako ni kazi ya jioni moja. Chukua chupa ya kioo iliyokuwa ya jemu, uioshe na kuiacha ikauke kabisa, kwani unyevu ukibaki utatia ukungu kwenye kioo na kutu kwenye waya. Tafuta uzi wa taa za LED 20 zilizofungwa kwenye waya mwembamba wa shaba. Usiushindilie ukawa donge. Uzungushe kidoleni, kisha uulegeze, ili taa nyingine zikae chini na nyingine juu. Ukipenda mwanga uwe laini, tandika ndani ya chupa kipande cha chandarua kikuukuu. Kisanduku cha betri kikae pahali unapoweza kukifikia ili kuzima. Funga kamba ya usumba shingoni mwa chupa, uitundike kwenye mwasmini au mkomamanga. Rangi chagua ya manjano, wala si nyeupe yenye ubuluu, kwani manjano ndiyo iliyo karibu na nuru ya mdudu mwenyewe.

Sasa nikusimulie lililotutia hofu. Siku ya pili ya ziara yangu, mtoto wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa akichezea chupa mojawapo. Kifuniko cha kisanduku hakikuwa na skrubu. Kilifunguka, na mamake alipogeuka alimkuta ameshika betri ya duara, mithili ya kifungo cha koti, ikielekea kinywani. Aliiwahi, alhamdulillahi. Lakini mikono yetu ilitetemeka muda mrefu.

Si hofu ya bure. Betri ya kifungo yenye namba CR2032 ina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Ikikwama kooni mwa mtoto, umeme wake huzalisha kemikali kali inayounguza nyama, na katika muda wa saa mbili tu yaweza kuleta jeraha la kuua. Hata betri iliyokwisha kuchakaa haina salama. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali papo hapo na uwaambie waganga kwamba ni betri. Akiwa ameshapita mwaka mmoja, anameza vizuri, na tukio halijapita saa 12, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi mara sita. Asali haitibu, hupunguza tu kasi ya kuungua, na isiwe sababu ya kuchelewa. Mtoto aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Lililo bora ni kununua taa ambazo kisanduku chake hufungwa kwa skrubu, na betri za akiba ziwekwe juu kabatini.

Usiku ule mdogo wangu alizima kila kitu, hata uzi wa mparachichini. Tuliketi barazani tukinywa chai ya maziwa, watoto wamejifunika blanketi. Giza lilipotuzoea, mmoja wao alinyosha kidole kwenye mtaro ulio nyuma ya boma. Juu ya nyasi mbichi palikuwa na nukta ya kijani ikiwaka, ikizimika, ikiwaka tena hatua chache mbele. Kisha ya pili.

"Mama mkubwa," aliniuliza, "na hawa wanatiwa betri wapi?"

Nilimweleza nilivyoweza. Kimulimuli ni mdudu wa jamii ya wadudu wenye mbawa ngumu, na duniani wako aina zaidi ya 2,000. Tumboni mwake mna kemikali iitwayo lusiferini, ambayo ikikutana na oksijeni hutoa nuru isiyo na joto. Nuru ile ni maneno. Dume hupepesa akiwa hewani, na jike humjibu kutoka majanini. Mabuu wao huishi kwenye udongo wenye unyevu na kula konokono, ambao ni maadui wa mboga zetu. Taa zikiwaka mpaka asubuhi, dume na jike hawaonani, na mayai hayatagwi. Mwaka 2020 wataalamu wa vimulimuli walichapisha katika jarida la BioScience kwamba wadudu hawa wanatishiwa zaidi na mambo matatu: kupotea kwa makao yao, dawa za kuulia wadudu na taa za usiku.

Kumbe bustani ile ilikuwa na vimulimuli wake muda wote, ila mapambo yaliwaficha. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Simwambii mtu asipambe nyumba yake. Furaha ya watoto siku ya Idi ina thamani yake. Lakini Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuelekeza tuzime taa tunapolala, na akatutajia panya anayeweza kuuburura utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Utambi haupo siku hizi, bali hekima ingalipo. Tukizima tunaepuka moto, tunaepuka israfu, na tunawaachia viumbe wengine usiku wao.

Basi washa taa zako baada ya Magharibi, wageni wakae, watoto wafurahi. Muda wa kulala ukifika, zima. Acha kona moja ya bustani yenye nyasi ndefu na unyevu, bila dawa na bila taa. Kisha kaa kidogo gizani pamoja na wanao, mtazame.

Wabillahi tawfiq.