Swali Bungeni na Ahadi Inayolifuata

Katika siku za vikao vya Bunge la Tanzania mjini Dodoma, saa tatu ya asubuhi, Siwa ikishawekwa mahali pake na dua ikishasomwa, shughuli kubwa inayotangulia nyingine huwa ni ya maswali; na kwa muda wa saa moja na zaidi wabunge husimama, mmoja baada ya mwenziwe, kumtaka waziri aeleze kisima fulani kitachimbwa lini, daraja lililochukuliwa na mvua litajengwa upya mwaka gani, na zahanati iliyoinuliwa kwa michango ya wanakijiji itapata lini waganga na dawa. Msikilizaji aliyezoea mijadala mizito ya bajeti aghalabu hukiona kipindi hiki kuwa cha mambo madogo madogo, akangoja kipite. Mimi naona kinyume kabisa, kwani sijui wasaa mwingine katika kazi zote za Bunge ambao raia asiyejulikana jina, aishiye huko barabara inakokoma, huifikishia dola haja yake kwa kinywa cha mtu aliyemchagua, nayo dola ikawa haina budi kumjibu kwa maneno yanayoandikwa na kuhifadhiwa.

Haki hiyo si hisani ya waziri wala ya Spika. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 63, imelifanya Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika kuzitaja njia za kuitekeleza kazi hiyo ikaanza na hii ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote juu ya mambo ya umma yaliyo katika dhamana yake. Ibara ya 100 ikaongeza kinga, kwamba lile alisemalo mbunge katika majadiliano ya Bunge halitahojiwa mahakamani wala penginepo nje ya Bunge. Lakini hiyo dhamana ya waziri, inayotajwa katika Ibara ya 63, ina mpaka wake ambao watu wengi huusahau. Mbunge aliyetoka Pemba hawezi kumwuliza waziri wa afya wa Muungano habari za hospitali ya Wete, maadamu afya ya Zanzibar si jambo la Muungano. Swali hilo mahali pake ni Baraza la Wawakilishi, lililoanzishwa mwaka 1980, ambalo nalo lina kipindi chake cha maswali na mawaziri wake wa kuyajibu.

Asili ya desturi hii ni Uingereza, na swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Malords, si la Makabwela, na Lord Cowper, ambaye alitaka kujua kama ni kweli kwamba Robert Knight, mshika fedha wa South Sea Company, kampuni iliyokuwa imeporomoka na kuwafilisi watu wengi, ametoroka nchi na kukamatwa ng'ambo. Yafaa kuzingatiwa kwamba swali hilo la mwanzo lilikuwa la fedha zilizopotea na mtu aliyekimbia. Desturi ikavuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni, lakini ilivuka ikiwa imekatwa miguu: Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa miaka 19 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake, hata mwaka 1945 walipoteuliwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Walioteuliwa na gavana waliwauliza maofisa wa gavana, tena kwa Kiingereza, na mlipa kodi aliyelilipia porojo hilo hakuwa na njia ya kulisikia wala ya kulifahamu. Hivi leo maswali huulizwa kwa Kiswahili, na bibi mwenye redio jikoni kwake aweza kuyapima majibu kwa akili yake mwenyewe. Hilo ni jambo kubwa kuliko tulivyozoea kulihesabu.

Sasa natuitazame namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mbunge huliandika swali lake la msingi na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge, nalo hupelekwa wizarani, ambako wataalamu hukusanya habari kutoka wilayani na kumtayarishia mkubwa wao jibu. Siku ikifika, naibu waziri husimama na kusema kwamba kwa niaba ya waziri anaomba kujibu swali la mheshimiwa fulani "kama ifuatavyo", kisha akasoma. Kwa kuwa swali lilijulikana mapema na jibu liliandikwa mapema, hapo hapana mshangao wowote. Utamu na ukali wa kipindi hiki umo katika maswali ya nyongeza, ambayo mbunge huyauliza papo hapo, akianza kwa kumshukuru naibu waziri kwa majibu mazuri, hata kama majibu hayakuwa mazuri. Na ni hapo ndipo hujulikana nani anayeijua wizara yake na nani anayelijua jimbo lake.

Mwenye kusikiliza kwa muda mrefu atatambua kuwa maswali si ya jamii moja. Liko swali liulizalo kama Serikali haioni umuhimu wa kujenga barabara fulani. Kwa hilo jibu ni jepesi mno, kwani hakuna serikali duniani itakayosema haioni umuhimu wa barabara. Waziri atakiri kwamba anauona, atakaa, na mbunge atakuwa ameondoka na hewa mkononi. Liko swali la mpango, nalo hujibiwa kwa mpango: upembuzi yakinifu umeanza, usanifu wa kina utafuata, na ujenzi utategemea upatikanaji wa fedha. Maneno haya huwa ya kweli mara nyingi, kwa kuwa barabara haijengwi bila ya kupimwa, walakini ukweli wake hauna mwisho unaoweza kushikwa. Na liko swali la tatu, la mbunge aliyekwenda kuhesabu maboma, yaani yale majengo ya madarasa na zahanati ambayo wananchi huyainua kwa nguvu zao mpaka kwenye mtambaa wa panya, wakaingoja Serikali iezeke. Akauliza mangapi yatamalizwa katika mwaka huu wa fedha, kwa kiasi gani, na katika kata zipi. Swali la namna hii halina mlango wa nyuma. Naibu waziri atataja idadi na fedha, au atabainika kuwa hana cha kutaja, na katika hali zote mbili wananchi watakuwa wamejua jambo ambalo jana hawakulijua.

Alhamisi hutengwa nafasi ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo hayaandikwi mbele, na humo huingia mambo ya sera za nchi nzima, kama bei za mazao, mikopo ya wanafunzi na kikokotoo cha mafao ya wastaafu.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo swali peke yake haliyawezi. Mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia katika mgao wa umeme, Serikali ilifunga mkataba na kampuni ya Richmond ya kuzalisha umeme wa dharura wa megawati 100. Umeme haukuja kama ilivyotarajiwa, na majibu yaliyotolewa hayakuwatosheleza wabunge. Basi Novemba 2007 wakaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, yenye uwezo wa kuita mashahidi na nyaraka. Ripoti yake ilisomwa Februari 2008, ikaeleza kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Waziri Mkuu Edward Lowassa, akilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza, alijiuzulu, nao mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakajiuzulu, na Rais Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Katika kuwauliza mawaziri, jirani zetu wa Kenya walipita njia yao. Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri miongoni mwa wabunge na kuwapa wajibu wa kufika mbele ya kamati wanapotakiwa, wakajibu humo. Na tangu mwaka 2023 wameanza kuitwa tena mbele ya ukumbi mzima, kwa kuwa majibu ya kamatini hayakuwa yakisikika kwa umma kama yale ya ukumbini.

Lakini linalonishughulisha zaidi ni hatima ya jibu lenyewe. Naibu waziri akishasema kuwa fedha zitatengwa, au kwamba yuko tayari kufuatana na mheshimiwa mbunge mpaka jimboni akajionee, hapo ahadi imekwishatolewa mbele ya taifa, na kwa Waswahili ahadi ni deni. Je, nani anayelidai? Bunge la India, katika baraza lake la chini, lina kamati tangu mwaka 1953 ambayo kazi yake ni kuziokota ahadi zote za mawaziri kutoka katika majibu yao na kuzifuatilia moja moja mpaka zitimie. Uganda ina kamati ya ahadi za Serikali na utekelezaji wake, na Bunge la Taifa la Kenya lina Kamati ya Utekelezaji. Hizo ni tadbiri za watu waliojua kwamba mawaziri hubadilishwa, ilhali visima vinabaki havijachimbwa.

Mwananchi naye ana chombo mkononi. Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, iitwayo Hansadi, huandika kila swali na kila jibu, na hupatikana katika tovuti ya Bunge bila ya malipo. Mwalimu wa kijiji, au karani wa chama cha ushirika, aweza kutafuta humo jina la jimbo lake, akanakili jibu lililotolewa juu ya maji yao pamoja na tarehe yake, akalisoma mbele ya mbunge siku atakapokuja kwenye mkutano wa hadhara, na kumwomba alirudishe Dodoma kama swali jipya, likitaja ile tarehe.