Kutoka Kotile hadi Lenana: kuukwea mlima unaolisha Tana

Maji ya Tana yafikapo Kotile, huko Ijara, huwa mazito na ya kahawia, yamebeba udongo wa mashamba ambayo wengi wa wanaoyateka hawajayaona. Nchi hapa ni tambarare. Mfugaji anaweza kuswaga ng'ombe wake kutoka ukingoni mwa mto hadi karibu na mpaka wa Somalia asikutane na mlima hata mmoja, na mwinuko wa Kotile yenyewe haufiki mita 100 juu ya usawa wa bahari. Lakini malisho ya kiangazi, miembe na migomba ya Wapokomo, hata msitu mwembamba unaoufuata mto, vyote vinategemea mvua iliyonyesha mbali sana, kwenye miteremko ya Nyandarua na ya Mlima Kenya.

Ndiyo maana kuukwea Mlima Kenya kwa miguu ni jambo linalomhusu mtu wa Ijara kuliko anavyodhani. Anapanda kuelekea kwenye maji yake mwenyewe.

Kutembea milimani kwa ajili ya kutembea tu ni desturi iliyoshika mizizi Uskoti, nchi ya majabali, ukungu na mvua, ambako mlima mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1,345. Mlima huo ni mabaki ya volkano iliyokufa yapata miaka milioni 400 iliyopita. Mlima Kenya nao ni volkano iliyozimika, ila ni kijana: moto wake ulikoma kama miaka milioni tatu iliyopita. Wanajiolojia wanakadiria kwamba zamani ulizidi mita 6,000. Mvua, upepo na barafu vikaumega taratibu hadi ukabaki mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano. Vilele vya leo vilivyochongoka ni hivi: Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188, na Lenana wenye mita 4,985.

Mtu mmoja aliyeusoma mlima huu kwa jicho la sayansi alikuwa mjiolojia Mwingereza, John Walter Gregory. Safari aliyoanza nayo ilivunjika huko Tana ya chini. Hakurudi kwao. Mwaka 1893 alikwenda bara na wapagazi wa Kizanzibari, akachunguza Bonde la Ufa, kisha akapanda Mlima Kenya mpaka kwenye barafu yake. Baadaye, kuanzia 1904, alifundisha jiolojia Glasgow, huko huko Uskoti. Kilele cha Batian kilifikiwa miaka sita baada ya safari yake, tarehe 13 Septemba 1899, na Halford Mackinder pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel.

Batian na Nelion huhitaji kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Lenana hufikiwa kwa miguu, na njia ziko kadhaa. Anayetoka Kotile ana sababu nzuri ya kuchagua ile ya Chogoria, upande wa mashariki, kwa kuwa vijito vya upande huo huteremka kuelekea Tana. Vile vya magharibi na kaskazini, kama Naro Moru na Sirimon, huenda Ewaso Ng'iro, mto unaofifia kwenye kinamasi cha Lorian. Kwa hiyo mlima huu mmoja unalisha mito miwili mikubwa ambayo wafugaji wa Kaskazini Mashariki huitegemea.

Safari huanza msituni. Miteremko ya kusini mashariki hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na kuuachilia mzigo wake. Upepo huo huwa umeshapita juu ya tambarare za pwani na za Tana, ukidondosha kidogo tu huko njiani. Baada ya miti mikubwa huja mianzi, kisha miti ya hagenia iliyovikwa ndevu za kuvumwani. Ukipita mita 3,000 hivi miti huisha, na miguu huanza kuzama kwenye matope.

Wakwezi wengi huyalaani matope hayo. Wangeyaheshimu. Udongo wa huko umejaa mabaki ya mimea ambayo baridi huyazuia yasioze upesi, nao hufyonza maji ya mvua kama sifongo na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Humo ndimo humea mimea mikubwa ya lobelia na senesio. Senesio haziangushi majani yaliyokufa. Huyavaa kuzunguka shina ili maji yaliyomo ndani yasigande usiku. Lobelia nyingine huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu tu, na chipukizi lililo chini hunusurika.

Ziwa Michaelson liko takriban mita 4,000, chini ya ukuta wa mwamba wa karibu mita 300 unaoitwa Temple. Hapo mto Nithi unaanza safari yake kuelekea Tana. Maji ni baridi na maangavu, na asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba yanakwenda kuwa yale ya kahawia.

Hapo pia mwili huanza kudai haki yake. Kwenye kilele cha Lenana kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mtu aliyelelewa tambarare hana kinga ya pekee, hata akiwa na miguu ya kuswaga mifugo siku nzima. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni ishara za kusimama. Kuyumbayumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umetulia ni ishara za kuteremka mara moja. Kanuni ya madaktari ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa siku.

Juu kabisa, barafu inakwisha. Barafu za mlima zilikuwa 18 mwishoni mwa karne ya 19. Ile kubwa, Lewis, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Wengi husema barafu ikiisha Tana itakauka, na hofu hiyo imekosea mahali. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mto wa kilomita 1,000. Tana huishi kwa mvua inayoshikwa na msitu na kinamasi. Uchunguzi wa angani uliofanywa mwaka 1999 ulionyesha ukataji mkubwa wa miti, mashamba ya bangi na uchomaji makaa ndani ya msitu huo, na mwaka uliofuata hifadhi yake ikawekwa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Huko ndiko hatari ilikokuwa.

Msitu ukipungua, Kotile hupata hasara mara mbili: maji kidogo wakati wa jilali, yaani kiangazi, na mafuriko makali zaidi wakati wa mvua. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hupunguza makali hayo, lakini yakijaa humwaga. Tena mito ya Mutonga na Kathita, inayotoka Mlima Kenya, huingia Tana chini ya Kiambere, bila bwawa la kuizuia.

Wanafunzi wa sekondari za Masalani, Ijara na Garissa wangefaidika kwa kuuona mlima huu. Kaunti iwatafutie wanafunzi hao basi, makoti mazito na mwongozaji mwenye leseni, Januari au Februari njia zinapokuwa kavu, wapande kutoka Chogoria. Hata wakiishia Ziwa Michaelson inatosha.