Tarakimu Zilizovikwa Maandishi

Mtunza daftari wa Mombasa au Dar es Salaam aandikapo "Sh. 1,250,000/=", kila aliyezoea stakabadhi za nchi zetu hufahamu mara moja kuwa ametajiwa milioni moja na robo; walakini kompyuta iliyokabidhiwa maneno hayo katika safu ya maandishi huona mfululizo wa alama tu, kila alama na namba yake katika jedwali la ASCII, mkato 44, nukta 46, sifuri 48, wala haitambui kuwa humo mna fedha.

Ukiiamuru ijumlishe, hifadhidata hazifanani tabia. PostgreSQL hukataa katakata, ilhali SQLite na MySQL, zikikuta "1,250,000", husoma hadi penye mkato wa kwanza, zikachukua 1 na kuyaacha yaliyosalia, na "Sh." ikitangulia hupata sifuri. Naona kukataa ndio uungwana, maana hesabu iliyopotoka kimya hupita mikononi mwa karani na mkaguzi pasi na mtu kushtuka.

Dawa iliyozoeleka ni ruwaza, elimu ambayo misingi yake iliwekwa na Stephen Kleene katika makala yake ya 1956, na ambayo Ken Thompson, mnamo 1968, aliionyesha njia ya kuitumia katika kutafuta maandishi kwa kompyuta: mtu hueleza umbo la alama azitakazo, kisha huamuru, futa kila kisicho tarakimu wala nukta. Hapa ndipo penye hatari. Nukta iliyoifuata "Sh" nayo husalimika, tukabaki na ".1250000", yaani 0.125, sehemu ya nane ya shilingi moja, na hata PostgreSQL huipokea, madhali ni nambari halali. Hata tukiifuta nukta pia, bei ya zamani ya "12/50", shilingi kumi na mbili na senti hamsini, hugeuka 1250, na Mjerumani aliyeandika "1.250,50", akikusudia elfu moja mia mbili na hamsini na nusu, huandikiwa 125050.

Kwa hiyo aliye makini, kabla ya kufuta lolote, huibadili kila tarakimu kuwa 9 katika nakala, akayakusanya maumbo yanayolingana na kuyahesabu, "Sh. 9,999,999/=" mangapi, "99/99" mangapi, ndipo akaliandikia kila umbo kanuni yake; na lisilo na kanuni huachwa tupu katika safu mpya ya nambari hadi aulizwe aliyeliandika, maandishi ya asili yakiwa kando yake, hayakuguswa.