Bánh mì: biashara inayosimama juu ya tanuri

Nje kidogo ya Washington, katika mji mdogo wa Falls Church jimboni Virginia, kuna jumba la maduka liitwalo Eden Center. Lilianza mwaka 1984, likachukua jina la jumba la maduka lililokuwa katikati ya Saigon, na hadi leo wapangaji wake wengi ni Wavietnam au watoto wa Wavietnam. Kwenye maegesho ya magari inapepea bendera ya njano yenye milia mitatu myekundu, bendera ya Vietnam Kusini, nchi iliyoanguka tarehe 30 Aprili 1975. Ndani kuna maduka zaidi ya 100: ya vito, ya nywele, ya vyakula, na migahawa mingi. Anayetaka kuielewa biashara ya bánh mì, sandwichi ya Kivietnam ambayo sasa imeingia katika kumbi za vyakula za majumba ya maduka kuanzia Marekani hadi Australia, aanzie hapa, kwa kuwa hapa hesabu yake inaonekana wazi.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye wepesi wa kazi. Mkate mfupi mwembamba, wenye ganda kavu, unapasuliwa ubavuni. Ndani hupakwa mayonezi au siagi pamoja na maini yaliyosagwa, kisha hupangwa nyama, achari ya karoti na figili nyeupe, vipande vya tango, majani ya kotimiri na pilipili mbichi. Nyama ilikwisha kuchomwa asubuhi, achari imelowekwa tangu jana, kwa hiyo mteja akifika kazi iliyobaki ni kupasua, kupaka na kupanga. Mwenye mkono mwepesi humaliza mmoja kwa dakika moja hivi. Nafasi inayohitajika mbele ya mteja ni ndogo, wafanyakazi ni wachache, na foleni ya saa saba mchana inakwenda upesi. Katika jumba ambalo kila mita ya mraba inalipiwa, sifa hizo ni mtaji.

Mkate wenyewe uliletwa na Wafaransa, walioiteka Saigon mwaka 1859 na kukaa hadi 1954. Vietnam si nchi ya ngano, unga uliagizwa kutoka nje, na mkate ukawa chakula cha wenye fedha, ukiliwa mezani huku nyama ikiwa kwenye sahani yake. Mkataba wa Geneva wa 1954 ulipoigawa nchi, watu karibu milioni moja walihama kutoka kaskazini kwenda kusini. Miongoni mwao walikuwa mume na mke, Lê Minh Ngọc na Nguyễn Thị Tịnh, waliofungua duka la Hòa Mã jijini Saigon mwaka 1958. Wateja wao wengi hawakuwa na muda wa kukaa mezani asubuhi. Basi vitu vya kwenye sahani vikatiwa ndani ya mkate, mteja akaondoka nao mkononi. Hòa Mã hutajwa kuwa ndilo lililoianzisha bánh mì kama tunavyoijua, na kwangu mimi uamuzi ule ulikuwa wa mfanyabiashara kabla ya kuwa wa mpishi. Waliondoa gharama ya meza, ya sahani na ya muda wa kumsubiri mtu amalize kula, wakakipeleka chakula cha kikoloni kwa mtu wa mshahara mdogo.

Baada ya 1975 wakimbizi waliibeba biashara hiyo hadi Marekani, na huko kilichowaongoza kutoka mtaa hadi mtaa kilikuwa kodi ya pango. Wale wa eneo la Washington walianzia Clarendon, sehemu ya Arlington, ambako uchimbaji wa njia ya treni ya chini ya ardhi ulikuwa umewafukuza wateja, na wenye majengo wakawa radhi kupangisha kwa bei nafuu na kwa mikataba mifupi. Kituo cha treni kilipofunguliwa mwaka 1979, ardhi ikapanda thamani, kodi zikapanda nayo, na wafanyabiashara wakahamia Falls Church, kwenye jumba la maduka lililokuwa limedorora. Eden Center ikazaliwa. Huko California, mwaka 1987, mfanyabiashara Frank Jao alifungua jumba la Phước Lộc Thọ mjini Westminster, ambalo ni moyo wa mtaa unaoitwa Little Saigon.

Waliokua sana hawakutegemea meza za mgahawa peke yake. Familia ya Lê ya San Jose ilikuwa tayari katika biashara ya magari yanayouza chakula kwenye maeneo ya kazi ilipofungua Lee's Sandwiches mwaka 1983. Mwaka 2001 ikaanza aina mpya ya maduka, makubwa, yenye tanuri ambazo mteja anaziona, mikate ikitoka ya moto pamoja na kahawa ya barafu. Thanh Quoc Lam, mkimbizi aliyefungua duka la Ba-Le mjini Honolulu mwaka 1984, alikwenda mbali zaidi: akawa mwokaji wa kuuza kwa jumla, akiyapelekea mkate mahoteli na mashirika ya ndege. Mwaka 2002 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ndogo ilimtangaza kuwa mfanyabiashara mdogo bora wa nchi nzima. Sandwichi ilimpa jina, lakini ukubwa aliupata kwa kuuza mkate.

Nimekula bánh mì ya kuku wa kuchoma pale Eden Center, katika duka dogo lenye meza chache na foleni ya watu waliokuja kuchukua na kuondoka. Ganda lilivunjika kwa kishindo, ndani mkate ulikuwa mwepesi kiasi cha kuiachia achari nafasi ya kusikika, na pilipili ilikuwa ya kweli. Baadhi ya maduka ya hapo humpa mteja mkate wa sita bure akinunua mitano, desturi inayowafanya watu wa ofisini wanunulie wenzao na mama wa nyumbani anunulie familia. Katika jumba jingine la maduka, la kisasa, lenye sakafu inayong'aa na ukumbi wa vyakula wenye majina makubwa, nilinunua sandwichi ya jina hilohilo kwa bei ya juu zaidi. Nyama ilikuwa nzuri, mboga zimekatwa kwa ustadi, muuzaji mkarimu. Mkate ulikuwa unavutika kama mpira. Uliokwa kwingine, ukaletwa umegandishwa, ukapashwa moto tu.

Sidhani kwamba mwenye duka lile hajui mkate mzuri. Sababu iko kwenye mkataba wake wa pango. Katika biashara ya chakula wahasibu hupenda kuona malighafi zikila kama asilimia 30 ya mauzo, mishahara asilimia 30, na kodi ya pango isizidi 10. Sandwichi ikiuzwa kwa dola 8, hiyo ni dola 2 na senti 40 za malighafi, kiasi hichohicho cha mishahara, na senti 80 za pango. Kinachobaki ndicho kinacholipa umeme, bima, matengenezo na ushuru kabla faida haijaonekana. Mpangaji wa jumba kubwa, mbali na kodi ya msingi, huchangia usafi, ulinzi na matangazo ya jumba zima, na mara nyingi hutoa sehemu ya mauzo yakivuka kiwango kilichokubaliwa. Pango likifika asilimia 18, zile nane za ziada lazima zitoke mahali. Zitatoka kwenye bei, au kwenye mshahara wa mpasua mikate, au kwenye mkate. Tanuri inakula nafasi, umeme na mtu wa kuamka saa kumi alfajiri, kwa hiyo ndiyo hutolewa kwanza.

Hapo ndipo biashara inapojikata mguu, maana mkate huu una maisha ya saa chache. Wengi husimulia kwamba siri ya wepesi wake ni unga wa mchele, lakini Andrea Nguyen, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya mapishi ya Kivietnam nchini Marekani, amepinga dhana hiyo. Wepesi unatokana na unga wa ngano usio mgumu mno, hamira iliyopewa muda, na mvuke ndani ya tanuri. Kufikia jioni ganda limelegea na hakuna achari inayoweza kuliokoa.

Makampuni makubwa yamejaribu bahati yao pia. Mwaka 2014 kampuni ya Yum, yenye KFC na Pizza Hut, ilifungua Banh Shop huko Dallas ikaweka nyota nyekundu kwenye nembo yake. Wavietnam wa Texas, ambao kwao nyota hiyo ni alama ya utawala wa kikomunisti waliokimbia, walilalamika, na kampuni ikaomba radhi na kuiondoa. Nchini Australia, Roll'd, iliyoanzia Melbourne mwaka 2012, imeenea katika majumba ya maduka.

Kuna mambo mawili ambayo mlaji wa kwetu ayajue. Maini yanayopakwa mara nyingi ni ya nguruwe, au yamechanganywa na mafuta yake, na hupakwa hata kwenye mkate wa kuku. Mwislamu asiridhike kwa kuagiza kuku. Aulize kuhusu maini, kisu na ubao, au atafute duka la halali. La pili ni usafi. Mwaka 2024 watu zaidi ya 500 waliugua katika mkoa wa Đồng Nai, Vietnam, baada ya kula bánh mì kutoka duka moja. Maini yaliyosagwa na mayonezi ya mayai mabichi havivumilii joto la mchana. Jokofu la kuaminika si anasa katika kazi hii.

Biashara hii inatuhusu kuliko inavyoonekana. Tanzania na Kenya, kama Vietnam, huagiza sehemu kubwa ya ngano yao kutoka nje, na bei ilipopanda mwaka 2022 vita vilipoanza Ukraine, waokaji wetu waliumia. Wavietnam wanaonyesha kuwa ngano ya kuagiza inaweza kulisha mtu wa kipato kidogo, iwapo mkate unaokwa karibu, unauzwa siku hiyohiyo, na kujazwa mboga za shambani. Jijini Ho Chi Minh, Saigon ya zamani, mkate wa kando ya barabara bado hupatikana kwa takriban dola moja.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayefikiria kufungua duka la sandwichi katika jumba la maduka, Dar es Salaam au Nairobi, iwe ya Kivietnam au yako mwenyewe: mtafute mwokaji kabla hujatafuta mchora nembo. Kabla ya kusaini, mwulize mwenye jumba kama umeme wake unatosha tanuri na kama ataruhusu bomba la kutolea joto. Akikataa, na hakuna mwokaji jirani wa kukuletea mkate mara mbili kwa siku, usisaini.