Sasisho Linapogoma Kushuka

Asilimia imeganda kwenye sifuri, kisha Windows inatema namba: 0x80072EE2. Fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia, "Zima fayawoli ya ruta, mambo yaishe." Huenda yakaisha kweli, lakini wewe utabaki hujui kilichokuwa kimeziba ni nini, na nyumba yako itabaki wazi.

Ngome ya ruta ya nyumbani, yaani hiyo fayawoli, kwa kawaida hushughulika na wanaobisha kutoka nje. Inafanya kama askari wa getini: boda aliyeleta chakula anapita kwa kuwa mwenye nyumba ameshapiga simu kusema anamsubiri, asiyeitwa na mtu anarudishwa. Sasisho nalo huanza na ombi linalotoka ndani. Kompyuta ndiyo inayouliza seva kama kuna kipya, na ruta hukumbuka ombi hilo ili jibu lake lipite. Ndiyo maana ruta iliyoachwa na mipangilio yake ya dukani ni nadra kuzuia masasisho. Ikiyazuia, mara nyingi kuna sharti lililoongezwa: udhibiti wa wazazi, orodha ya tovuti zilizofungwa, au kiwango cha ulinzi kilichopandishwa hadi juu kabisa na mtu aliyeona ulinzi mwingi hauna hasara.

Kabla ya kuigusa ruta, unganisha kompyuta kwenye hotspot ya simu. Sasisho likianza kushuka, tatizo liko kwenye mtandao wa nyumbani. Likigoma vilevile, iache ruta, shughulika na kompyuta. Ukishaona linasogea, lisimamishe, maana masasisho makubwa ya Windows hula gigabaiti kadhaa na bando halina huruma. Tena angalia kama Wi-Fi ya nyumbani haikuwekwa alama ya mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Wengi huiweka ili kubana matumizi, wakasahau, na Windows ikitii agizo hilo na kuahirisha masasisho mengi, ruta ndiyo inayolaumiwa.

Sasa turudi kwenye namba, kwa sababu husema safari imekatikia wapi. 0x80072EE7 maana yake jina la seva halikupatikana. 0x80072EFD, jina limepatikana lakini muunganisho haukufunguka. 0x80072EE2, kompyuta imesubiri jibu hadi muda ukaisha. 0x80072F8F huashiria hitilafu ya cheti cha usalama, na hapo jambo la kwanza la kutazama ni saa ya kompyuta. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa huweza kurudi miaka mingi nyuma kila ikikatiwa umeme, ikaona vyeti vya leo bado havijaanza kutumika. Ngome inaweza kuwa na mkono wake hapa pia: saa hurekebishwa kwa kupitia poti 123, na ruta iliyobanwa sana huacha wazi poti chache tu za tovuti. Kurasa zinafunguka, saa inabaki mbovu.

Jina likiwa halipatikani, fungua dirisha la amri uandike nslookup download.windowsupdate.com, kisha rudia amri hiyohiyo ukiongeza 8.8.8.8 mwishoni. Ikishindwa mara ya kwanza na kufaulu ya pili, kagua huduma ya majina (DNS) ambayo ruta inatumia. Hasa zile za kuzuia matangazo au picha chafu, ambazo wakati mwingine hufunga na wasiohusika.

Ugonjwa unaowasumbua hata mafundi ni ule wa vitu vidogo kupita na vikubwa kukwama. Ujumbe unaingia, ukurasa mwepesi unafunguka, lakini faili la sasisho linaganda. Pakiti ya kawaida ya Ethernet hubeba hadi baiti 1,500. Laini inayotumia PPPoE hujichukulia baiti 8, zikabaki 1,492. Pakiti ikizidi kipimo na ikawa hairuhusiwi kukatwa, kifaa kilicho njiani hutuma taarifa ya ICMP: punguza. Lakini kuna ngome zinazozuia ICMP yote, zikidhani zinaongeza ulinzi. Mtumaji hasikii onyo, anatuma tena pakiti ileile, inapotea tena.

Kipimo chake ni rahisi. Kwenye dirisha la amri la Windows andika ping -f -l 1472 1.1.1.1, halafu ubadilishe 1472 iwe 1464. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikipita, umelipata: ongeza baiti 28 za vichwa juu ya 1464 uone inakuja ngapi. Weka MTU ya ruta, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, iwe 1492 na uruhusu ICMP.

Ikibidi kuandika ruhusa maalumu kwenye ngome, usiandike anwani ya IP. Masasisho hugawiwa na seva nyingi zilizotapakaa, na anwani inayojibu leo si lazima iwe ya kesho. Ruhusu majina, kama *.windowsupdate.com na *.delivery.mp.microsoft.com, kwa poti 80 na 443. Programu nyingine zina mahitaji yake: Steam, kwa mfano, hutumia pia poti za kati ya 27015 na 27050.

Kuzima ngome kunafaa kama kipimo cha dakika chache tu, kisha iwashwe. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuja kutumiwa na kirusi cha WannaCry mnamo Machi 2017. Mei mwaka huohuo kirusi hicho kikasambaa kwa kubisha poti 445 za kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa. Ruta ya kawaida yenye ngome haipitishi ombi la namna hiyo kutoka nje. Kompyuta inayosubiri sasisho lililokwama ndiyo hasa inayoihitaji ngome hiyo, mpaka sasisho lishuke.