Mombasa: mchimbaji naye aende kutembea

Zamu yangu ya likelemba ilipofika, mama ya watoto alikuwa amekwisha kuhesabu mabati. Nyumba yetu hapa Butembo inavuja upande wa jikoni, kila mtu anayetutembelea anajua. Nikamwambia: safari hii tunaenda Mombasa, tuone bahari. Akaniangalia sawa mtu mwenye malaria. "Papa, makuta ya mabati njo unapelekea maji?"

Nikamjibu kwamba ninaingia shimoni tangu miaka 19, na toka siku ile sijapata hata juma moja la kusema hili ni langu. Sisi wachimbaji tunatoka karieri juu ya matanga, juu ya ugonjwa ao juu ya risasi. Kutoka juu ya kupumzika tu, hapana. Katika sendika tunadai kofia, mabuti na mizani isiyoiba. Konje hatuitaji hata kwa mdomo. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne akaanza kufua nguo za safari.

Ninaandika haya juu ya wale watakaopenda kwenda, na juu ya wale wanaosema kutembea ni kazi ya Wazungu.

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54, halafu Kasindi, na ng'ambo ya mpaka ni Mpondwe, Uganda. Njia ya Beni–Kasindi mnaijua wenyewe: uliza habari ya usalama asubuhi ile ile, usipande gari na habari ya jana. Pasipoti na karti ya chanjo ya homa ya manjano ziwe mkononi. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tangu 2022, basi kila mahali pa kulipa kiingilio uliza kwanza kama kuna bei ya watu wa Jumuiya.

Ukikaribia Kasese, angalia kushoto. Ni Ruwenzori, mlima ule ule tunaouona sisi toka Beni. Ndani yake kuko Kilembe, machimbo ya shaba. Mwaka wa 1956 reli ilifikishwa Kasese juu ya shaba ile. Iliyeyushwa Jinja, halafu ikashuka kwa treni mpaka Mombasa kupanda meli. Nikamwambia mama ya watoto: unaona, hatukupotea, tunafuata njia ya mawe.

Kutoka Nairobi tulipanda treni mpya, ile iliyoanza 2017. Reli ya zamani iko karibu yake. Waingereza waliianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika ziwa Victoria 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa toka India, na karibu 2,500 walikufa: magonjwa, ajali, na wengine waliliwa na simba kule Tsavo. Kwa kilomita moja ya reli, watu zaidi ya wawili. Sisi tunaohesabu wafu wetu kila msimu wa mvua, hesabu sawa hii tunaielewa haraka.

Mombasa ni kisiwa. Ukishuka tu, joto linakushika shingo, maana sisi tumezoea baridi ya mlima. Tulilala karibu na Mji wa Kale, ambako njia ni nyembamba, nyumba zina roshani za mbao juu ya kichwa chako, na milango imechongwa maua. Kuko msikiti wa Mandhry, wanasema ulijengwa mwaka wa 1570. Asubuhi watu wanakula mahamri na mbaazi. Jioni wanakunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo sawa vya kuchezea watoto.

Tulijifunza pia kwamba Kiswahili kiko kingi. Mama ya watoto aliuliza muuzaji mmoja: "Mama, sombe iko?" Yule akacheka: "Sombe ndiyo nini, dada?" Kumbe kwao ni kisamvu. Bugali wanaita sima. Wote wawili walicheka mpaka bei ikapungua.

Siku ya pili tuliingia Fort Jesus, ngome ya Wareno. Waliianza 1593, wakaimaliza 1596. Aliyeichora ni Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1696 Waarabu wa Oman waliizunguka, na walikaa hapo karibu miaka mitatu, mpaka mwezi wa kumi na mbili 1698, ndipo ikaanguka. Waliokuwa ndani, njaa na ugonjwa viliwamaliza kuliko mizinga. Waingereza nao waliigeuza jela tangu 1895 mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na toka 2011 iko katika orodha ya UNESCO.

Watu wengine walipiga picha mizinga. Mimi nilipitisha mkono ukutani. Ni jiwe la matumbawe, mwamba wa bahari, una vitundu vitundu. Tena mtaro unaozunguka ngome ulichongwa ndani ya mwamba wenyewe. Mchimbaji akiona kitu sawa hicho, anaanza kuhesabu: watu wangapi, miezi mingapi, nani aliwaletea maji, walilipwa nini? Jina la mchoraji nililisikia, na majina ya makapiteni pia. Jina la mtu hata mmoja aliyeshika chuma na kukata jiwe lile sikuliona.

Jioni tulienda Mama Ngina, pembeni ya bahari, penye mibuyu mikubwa. Pale meli zinapita karibu sana zikiingia bandari ya Kilindini. Meli moja ilipita imejaa makontena, ndefu kuliko soko. Vitu vingi vya maduka ya Butembo vinapita hapa: vitenge, pikipiki, mabati. Kahawa yetu na kakao ya Beni zinatoka hapa. Mama ya watoto aliinyooshea kidole: "Angalia, mabati yangu njo yale yanaingia." Nilicheka, lakini aliniuma.

Karibu yetu alikaa mzee mmoja. Nikamwamkia shikamoo, sawa tulivyofundishwa, akaitika marahaba. Alikuwa amefanya kazi bandarini, na baba yake pia. Nilipomwambia mimi ni wa sendika ya wachimbaji, alisogea. Akaniuliza: "Mwaka wa 1947 unaujua?"

Nilikuwa nimeusoma kidogo. Tarehe 13 mwezi wa kwanza 1947 wafanyakazi karibu 15,000 wa Mombasa waliacha kazi pamoja: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata maboyi wa nyumba za Wazungu. Vita ilikuwa imekwisha, bei ya chakula na ya nyumba ilikuwa imepanda, mshahara ulikaa chini. Kwa siku kumi na mbili hivi mji ulisimama. Serikali ya wakoloni ililazimika kuweka tume chini ya hakimu, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Kiongozi wao alikuwa kijana, Chege Kibachia. Mwezi wa nane mwaka ule ule walimkamata, wakamfungia mbali kule Baringo kwa miaka mingi.

Mzee aliniambia: "Baba yangu alikuwa kuli. Yeye alisema hawakuwa na bunduki, walikuwa na neno moja tu, wote." Halafu akanyamaza, akaangalia meli.

Kilindini maana yake ni mahali penye kina. Nilifikiri usiku ule: watu wa kina ni sisi pia. Lakini sisi, shimo moja na jirani yake hatusikilizani juu ya bei ya gramu. Mnunuzi anakuja asubuhi, anatugawanya mbele ya saa nne.

Tulirudi Butembo na mavumbi ya njia yote. Jikoni bado panavuja, tumeweka sahani mbili kubwa chini. Mama ya watoto hasemi kama nilifanya vizuri ao vibaya. Lakini juzi nilimsikia akieleza majirani namna maji ya bahari yanavyoondoka mchana na kurudi, na walikaa kimya wote kumsikiliza.

Katika mkutano wetu ujao nitaleta mambo mawili. La kwanza: kila ekipi ipumzike juma moja kwa mwaka, kwa zamu, na sanduku la kooperative lisaidie chakula cha nyumbani juma hilo. La pili: tuandike katika daftari majina ya ndugu zetu waliobaki shimoni, yote, na mwaka na mahali. Tusingoje mtu mwingine atuandikie. Mwenye jina la kuongeza, alilete kwa katibu wa ekipi yake.